Mtoto Naye Ni Mgeni



Shule zinakaribia kufungwa kwa likizo ya Agosti, na katika nyumba nyingi za Pwani mazungumzo ya baada ya Isha yamekwisha kugeuka. Watoto wanauliza watapelekwa wapi, baba anapiga hesabu kimoyomoyo, na mama anawaza nepi, dawa ya homa na nguo za kubadilisha. Nasi tumeulizwa na jamaa na majirani zaidi ya mmoja: hoteli gani inawafaa watu wenye watoto wadogo? Hatuna jina la kuwatajia. Tulicho nacho ni visa viwili vilivyotupata, na vyote viwili vimetufunza kwamba swali lenyewe tulikuwa tukiliuliza sivyo.

Miaka mitatu iliyopita Mwenyezi Mungu alituruzuku mtoto wa tatu. Uzazi ule ulikuwa mzito. Mmoja wetu, yule aliyejifungua, alilazwa hospitalini majuma mawili, na aliporudi nyumbani alikuwa amedhoofika mwili na moyo. Arubaini ikapita, miezi mitano ikapita, na bado usingizi haukumjia sawasawa. Mara kwa mara mwenziwe alimkuta usiku ameketi ukingoni mwa kitanda akilia, wala asiweze kusema analilia nini. Daktari alitoa dawa, kisha akashauri tubadilishe hewa kwa siku chache, familia nzima. Tukavunja kibubu, tukachagua hoteli kubwa ya ufuoni ambayo jina lake halina haja kutajwa hapa. Tangazo lake lilionyesha watoto wakicheka juu ya bembea, na chini yake pakaandikwa kwamba familia zinakaribishwa na watoto hulala bure.

Tulifika na kifungua mimba wetu, binti wa miaka saba. Ndugu yake wa kati, mvulana wa miaka mitatu na nusu. Na kitinda mimba wa miezi mitano. Mapokezini, yule mvulana alipanda juu ya toroli la mizigo kama afanyavyo mtoto yeyote aliyefungiwa garini tangu asubuhi. Kijana aliyekuwa nyuma ya meza hakumtazama mtoto. Alitutazama sisi, akatabasamu, akasema, "Mama, hapa wageni wetu wanapenda utulivu."

Yaliyofuata yalikuwa mambo madogomadogo. Huko kulala bure kulikuwa na maana kwamba watoto walale kitandani mwetu. Kitanda cha ziada kilikuwa na bei yake. Kitanda cha mtoto mchanga kililetwa saa nne ya usiku, ubao wake mmoja umevunjika na chandarua chake kina tundu la kupenya ngumi. Chakula cha jioni kilianza saa moja na nusu, wakati ambao wanetu huwa wamekwisha kusinzia, na tulipoomba uji mapema tuliambiwa kwamba jiko halijafunguliwa. Mmoja wetu alipouliza wapi anaweza kunyonyesha kwa sitara, alionyeshwa mlango wa choo. Mezani mvulana alimwaga sharubati, na mhudumu akaifuta huku akishusha pumzi kwa sauti ya kusikika. Meza ya pili wakahama. Kila jambo lilipotokea tuliomba radhi. Kwa siku moja na nusu tuliomba radhi mara nyingi kuliko tulivyozoea kwa mwaka mzima, na kila tulipoomba tuliwageukia watoto tukawakaripia ili watu waone kwamba tunawakaripia.

Siku ya pili, baada ya Alasiri, lilitokea lile ambalo hadi leo hatulisimulii bila mikono kutetemeka. Chumba chetu kilikuwa na mlango wa kioo wa kusukuma, uliofungukia bustanini, na komeo lake lilikuwa chini, kimo cha mtoto. Hatua chache kutoka mlangoni palikuwa na bwawa la kuogelea lisilo na uzio. Mmoja wetu alikuwa kwenye swala. Mwenziwe alikuwa akimwogesha mchanga. Kila mmoja alidhani mwenziwe anamtazama mvulana. Hatukusikia kilio wala maji kuruka. Tulichosikia ni sauti ya mtu mzima akipiga ukelele, na tulipotoka tulimwona mtunza bustani, mzee wa makamo, amesimama ndani ya bwawa na mabuti yake miguuni, mwanetu kifuani pake akikohoa na kutapika maji.

Alhamdulillahi, mtoto alikuwa hai. Tulimkimbiza hospitali akaangaliwe mapafu, akalala chini ya uangalizi usiku ule, na asubuhi akaruhusiwa. Tangu hapo tumejifunza jambo ambalo kila mzazi yafaa alijue: mtoto mdogo huzama kimyakimya. Hapigi kelele kama tuonavyo katika filamu, na hahitaji maji mengi wala muda mrefu. Kosa lilikuwa letu, na hatumtwishi mtu mwingine. Lakini tuliporudi kuchukua mizigo, meneja alikuja chumbani na karatasi ya kutiwa saini, kwamba tulielezwa kuwa kila mzazi ana dhamana ya mtoto wake. Hakuuliza mtoto anaendeleaje. Aliyeuliza ni yule mtunza bustani. Alikuwa akitungojea langoni, nguo zake zimekaukia mwilini. "Mimi nami nina wa umri huo," alisema.

Tulirudi nyumbani tukaapa kwamba hatutatoka tena na watoto mpaka wakue. Na yule aliyepelekwa kupumzika alirudi amechoka kuliko alivyokwenda, tena na hofu mpya juu ya ile ya zamani.

Kiapo hicho hakikudumu, kwani mwaka jana tuliitwa harusini Lamu na jamaa ambaye haiwezekani kumkatalia. Tulisafiri kwa basi tangu alfajiri hadi Mokowe, kisha kwa mashua, watoto wamevalishwa jaketi za kuokolea zilizowafika magotini. Nyumba ya arusi ilikuwa imejaa hadi barazani, kwa hiyo tulitafutiwa nafasi katika nyumba ya wageni ya mtaani, nyumba ya mawe ya zamani iliyoangaliwa na bibi mmoja mtu mzima akisaidiwa na mpwa wake. Kitinda mimba wetu alikuwa amekaribia miaka miwili na amejua kukimbia. Tulipoona mlangoni ngazi za mawe, nyembamba, zimesimama wima na hazina pa kushika, tulitazamana. Kila mmoja alijua mwenziwe anawaza bwawa.

Bibi alitoka hadi dakani. "Ndooni wanangu, ndooni," alisema kwa Kiamu chake, na kabla ya kutupa mkono sisi aliinama akawasalimu watoto, mmoja baada ya mmoja, akiwauliza majina na kungoja jibu. Akamuuliza mvulana kama anaogopa punda. Akatuuliza sisi mara ya mwisho watoto wamekula saa ngapi. Vitambulisho na daftari la wageni hakuvitaja mpaka uji wa mchele wenye tui na iliki ulipokuwa umeletwa na kunywewa.

Kisha alitwambia neno ambalo hatukuwahi kuambiwa na mwenye hoteli yeyote. "Nyumba hii ina hatari tatu, nawaonyesheni mapema." Ya kwanza ni ngazi, mpwa wake alikuwa ametia kijilango cha mbao juu na chini, na alituonyesha kinavyofungwa kwa upande ambao mkono wa mtoto haufiki. Ya pili ni birika la maji la bafuni, lililojengwa kwa mawe kama yalivyo mabirika ya nyumba za kale za Lamu. Lilikuwa limefunikwa kwa ubao, na juu ya ubao pamewekwa jiwe. Ya tatu ni paa, kwa kuwa ukuta wake ni mfupi. Alitoa ufunguo mfukoni akamkabidhi mmoja wetu. "Huu mshike nyinyi. Akitaka kupanda mtoto, apande na mkubwa."

Usiku ule yule ambaye usingizi ulimkimbia tangu uzazi alilala. Alilala bila kuamka hadi adhana ya alfajiri. Chumba kilikuwa kidogo, feni ililia kama kinu, maji ya kuogea yalikuwa na chumvichumvi na punda wa jirani hakuwa na saa maalumu ya kulia. Hapakuwa na bembea wala bwawa. Lakini vijilango vilikuwa vimefungwa, naye alijua vimefungwa, tena alijua kwamba kuna mtu mwingine katika nyumba ile ambaye naye anajua.

Asubuhi ya pili tuliketi mkekani tukila mahamri na mbaazi. Mvulana alinyoosha mkono, akakipiga kikombe cha sharubati ya ukwaju, na sharubati ikaenea juu ya kitambaa cheupe kilichodariziwa kwa mkono. Kabla hatujafumbua kinywa, binti yetu aliruka. Alivua mtandio wake akaanza kufuta, midomo inamtetemeka, akisema, "Samahani, bibi. Samahani. Hatarudia. Msitukasirikie, tutaondoka."

Bibi aliishika mikono yake akaituliza. "Mjukuu wangu," alimwuliza, "nani aliyekwambia kwamba mtu hufukuzwa kwa sharubati?"

Mtoto hakujibu. Alitutazama sisi.

Hapo ndipo tulipofahamu hasara tuliyoitoa nayo katika ile hoteli ya kwanza. Tulikuwa tumeihesabu kwa fedha na kwa hofu ya bwawa. Hatukuwa tumemhesabu binti wa miaka saba aliyeketi kimya akitazama kila uso uliokunjamana na kusikia kila "samahani" yetu, na mwisho akahitimisha kwamba ndugu zake wadogo ni aibu ambayo familia hutembea nayo. Somo hilo hakufunzwa na hoteli peke yake. Tulimfunza sisi, kila tulipomkaripia mvulana mbele za watu ili tupate radhi yao.

Bibi hakusema kwamba kitambaa si kitu. Alimpa binti kitambaa cha kufutia kinachofaa, akamrudishia mtandio wake, akamwagiza mvulana alete ndoo. "Aliyemwaga huleta maji, na nduguye humsaidia. Basi." Wakafuta pamoja, na lilipokwisha likawa limekwisha.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukiwaza maana ya kukaribisha. Dini yetu imelifanya jambo la mgeni kuwa sehemu ya imani, Mtume wetu (s.a.w.) ametufunza kwamba anayemwamini Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho na amkirimu mgeni wake. Katika Suratu Dhaariyaat tunasimuliwa jinsi Nabii Ibrahim (a.s.) alivyopokea wageni asiowajua. Hakuwauliza kama wana njaa. Alijiendea kwa watu wake pasi na kutangaza, akarudi na ndama aliyenona, akamsogeza karibu nao. Wanavyuoni wamelizingatia jambo hilo: kwamba adabu ya mwenyeji ni kumtangulia mgeni katika haja yake, ili asilazimike kuomba. Pwani yetu nayo imepata sifa hiyo tangu kale. Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, ameeleza kwamba merikebu ilipofika Mogadishu vijana wa mji waliiendea kwa vyombo vidogo, kila mmoja na sahani iliyofunikwa, akamkabidhi mfanyabiashara aliyemchagua na kusema kwamba huyo ndiye mgeni wake.

Lakini huyo mgeni, tunapomfikiria, huwa ni mtu mzima. Ni mwanamume mwenye kilemba au mama mwenye buibui. Mtoto tunamwona kama mzigo wa mgeni, kitu alichokuja nacho kama sanduku. Mtume (s.a.w.) hakumwona hivyo. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba alikuwa akianza swala akinuia kuirefusha, kisha akasikia kilio cha mtoto, akaifupisha kwa kumhurumia mama yake. Hebu tulitafakari. Swala ni nguzo ya dini, msikiti ni nyumba ya Mola, na imamu ni mbora wa viumbe. Na kilio cha mtoto mmoja kilitosha kubadilisha mpango wa safu nzima. Mama hakuagizwa atoke nje. Basi ukumbi wa chakula wa hoteli una utukufu gani usioweza kumvumilia mtoto aliyemwaga sharubati?

Na kumvumilia kwenyewe hakutoshi. Hoteli ile ya kwanza ilituvumilia: ilichukua fedha zetu na ikatustahimili mpaka siku ya mwisho. Nyumba ya Lamu iliwapokea wanetu. Aliyevumiliwa hukaa ameshika pumzi. Aliyepokelewa hulala mpaka alfajiri.

Kwa hiyo, wasomaji wetu, mnapouliza juu ya hoteli likizo hii, msianzie kwenye bembea. Pigeni simu kabla ya kulipa, muulize mambo mepesi, na mwangalie sauti inavyojibu. Je, bwawa lina uzio na lango linalojifunga, na mlango wa chumba una komeo la juu? Je, watoto wakilala bure watalala wapi, na kitanda cha mchanga kitakuwepo kabla hatujafika? Je, chandarua ni kizima? Pwani yetu ina malaria, na mchanga ndiye dhaifu wake. Je, jiko laweza kutoa uji, wali mtupu au ndizi ya kuponda baada tu ya Magharibi? Je, pana pahali pa sitara pa kunyonyesha, ambapo si chooni? Mwenyezi Mungu amekitaja kipindi cha kunyonyesha katika Kitabu chake, miaka miwili kamili kwa atakaye kuitimiza. Hilo si jambo la kuonea haya. Je, wanawake wana saa zao za kuogelea, na chakula ni halali bila shaka? Na mwisho muulize: ni sehemu gani ya hoteli yenu ambayo ni hatari kwa mtoto? Anayejibu "hakuna" hajawahi kuitazama hoteli yake kutoka kimo cha mtoto. Anayewatajia ngazi, birika na paa, huyo mwaminini.

Sisi nasi tuna wajibu wetu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na hakuna uzio unaochukua nafasi ya jicho lake. Nyumbani kwetu sasa hakuna anayedhani kwamba mwenziwe anatazama. Yule anayekwenda kuswali husema kwa sauti, "Mtoto yuko kwako," na mwenziwe hujibu, "Yuko kwangu," na hapo ndipo takbiri hufungwa. Watoto tuwafundishe kutokimbia kati ya meza na kutopiga kelele wenzao wanapolala. Tukimwaga, tufute; tukivunja, tulipe; na mhudumu aliyetuhudumia vyema tumwombee dua na tumpe bahashishi yake. Lakini tusiwafanye wanetu waombe radhi kwa kuwa wadogo.

Juma moja baada ya mkasa wa bwawa tulirudi kwenye lango la ile hoteli na kikoi na kofia ya mkono, zawadi ya yule mtunza bustani. Alizipokea kwa haya. Hakutaka shukrani, alitaka kumwona mtoto. Tukamshusha mvulana, naye akamshika mguu kwa mikono miwili asimwachie. Katika mahali pale palipoandika juu ya lango kwamba familia zinakaribishwa, mtu huyu ndiye aliyekuwa mwenyeji, na hatujui kama mwajiri wake alipata kulifahamu hilo.

Mwenyezi Mungu amlipe kheri yeye na yule bibi wa Lamu, awahifadhi watoto wetu majini na nchi kavu, awape shifaa kina mama wanaolia usiku bila kujua sababu, na atujaalie nyumba zetu, kabla ya hoteli za wengine, ziwe mahali ambapo mdogo naye hupokewa kama mgeni. Amin.

Wabillahi tawfiq.